Siku moja maishani mwangu: kupasua trakta ya zamani Lubumbashi

Saa 1 asubuhi. Garaji iko Ruashi, na mgonjwa wa leo ni Massey Ferguson 135, trakta iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964. Moteri yake ni Perkins ya silinda 3, lita 2.5. Imeletwa kutoka shamba la mahindi upande wa Kipushi: moshi wa samawati, mafuta ya moteri yanapungua lita nzima kwa siku ya kulima, asubuhi haiwaki bila kusukumwa. Mvua ya kupandia iko karibu, kwa hiyo mwenye trakta amekuja nayo na amekaa kwenye kiti.

Saa 2. Wengi hudhani moteri inanyanyuliwa kama ya gari. Trakta hii haina chasi. Moteri ndiyo mgongo wake, mbele imeshika ekseli, nyuma imeshika bwati ya gia. Kuitoa ni kuipasua trakta katikati. Tunamwaga maji na mafuta, tunatoa betri, boneti, tangi la mazutu (dizeli), nyaya na fito za usukani. Kabla ya kugusa bolti za katikati, tunapigilia kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kiti chake. Ekseli ile inacheza juu ya pini moja, na bila kabari nusu ya mbele inalala ubavu, na mguu wa mtu uko chini. Kriki (jeki) inakaa chini ya bwati, kisha mbele inasukumwa polepole kwa magurudumu yake.

Saa 4 kulasi, kifuniko cha juu ya silinda, imetoka, na hapo ndipo asubuhi ikaganda.

«Fundi, weka segema tu.» Segema ni zile ringi za pistoni. Wateja wote huanza hapo, maana ndizo za bei nafuu.

«Papa, pitisha ukucha hapa juu.» Ukucha ulinasa kwenye ngazi, pale segema ya juu inapogeukia. Akasema ni masizi. Nikakwangua masizi; ngazi ikabaki. Basi nikampimia. Chukua segema mpya, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, halafu pima mwanya wa ncha zake. Chini ya silinda, mahali pasipolika: 0.55 mm. Juu, chini kidogo ya ngazi: 1.60 mm. Tofauti ni 1.05, igawe kwa 3.14, unapata silinda imepanuka 0.33 mm. Mimi ikizidi 0.20 sifungi segema peke yake. Itajikunja na kujikunjua kila pistoni inapopanda na kushuka, na ile mpya ya juu inaweza kugonga ngazi na kuvunjika. Akauliza tena kuhusu segema. Nikapima silinda ya pili, nikapima ya tatu, yeye akishika tochi. Saa 6 ikapita hivyo, bukari (ugali) ikapoa.

Tulipofungua karteri, beseni la mafuta chini ya moteri, alinyamaza mwenyewe. Nyuma ya kusineti (beringi) ya bieli (mkono wa pistoni) ya pili kulikuwa na kipande cha kopo la bia. Fundi aliyetangulia alitaka kuficha mlio wa kugonga. Kopo linazuia joto lisitoke, na likihama linaziba tundu la mafuta. Vilbrekeni, shafti kuu inayozungushwa na bieli, inatakiwa kusagwa, kisha kusineti za kipimo kilichopungua zinunuliwe: 0.25, 0.50 au 0.75 mm. Usinunue kabla ya kusaga, hujui jiwe la kusagia litaishia wapi.

Mchana, kwa tornere, fundi wa mashine za kuchonga vyuma. Shemizi (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) za moteri hii ni kavu, maji hayazigusi, zinang'olewa kwa presi. Presi ni ya mkono, hiyo ilikwenda. Mpya zinaingia baada ya kusafisha bloki, mwili wa moteri, mpaka ing'ae. Mbili zimeingia. Ya tatu iko nusu, umeme ukakatika na tochi yangu imekwisha chaji. Tukakaa. Kuchonga na kusugua silinda kunahitaji mashine, na mashine imelala. Sijui tulikaa saa ngapi. Vumbi jekundu lilikuwa linaingia mlangoni na mimi nimelifunika bloki kwa shati langu.

Giza limeingia. Bloki limebaki kule. Garajini nimefunga kitambaa kwenye mdomo wa bwati, halafu nikafungua filtri ya hewa, ile ya bakuli la mafuta. Ndani mna tope jekundu zito kama uji, na mpira unaoelekea kwenye moteri umepasuka upande wa chini usioonekana. Vumbi lilikuwa linapita hapo moja kwa moja.

Simu: «Fundi, kesho inalima?»

Nimemwambia alete lita 7 za mafuta ya moteri na mpira mpya wa filtri, na ya kulima tutazungumza umeme ukirudi.