Nimerudi Tudor, Mombasa, Datsun ya baba bado ipo

Siku mbili za mwanzo nilikuwa wa wageni tu: mahamri, mbaazi, na maswali ya Birmingham, Uingereza, nilikokuwa nikiishi. Siku ya tatu, baada ya alfajiri, ndipo nilipoingia banda la nyuma.

Datsun 240Z ya marehemu baba ilikuwa pale pale nilipoiacha mwaka 2004, chini ya turubai. Nililivuta, vumbi likanijaa puani, na nyuma ya vumbi ikaja harufu ya petroli iliyolala. Boneti ya gari hili hufunguka kwa mbele, bawaba ziko upande wa taa. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akininyanyua nizione kabureta zake mbili na kuzihesabu silinda, moja hadi sita.

Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Mombasa, na sababu ilikuwa mashindano ya magari ya Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda na 240Z, Shekhar Mehta akawa wa pili na nyingine kama hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe, baada ya kumaliza sawa kwa pointi na Harry Källström, naye pia akiwa ndani ya Datsun. Baba alisikiliza yote hayo redioni. "Sawa sawa, mwanangu! Hata pointi moja haikuzidi!" Kisa hicho nimekisikia mara nyingi kuliko hadithi ya sungura na fisi.

Alifariki mwaka jana, na maziko sikuyawahi. Hilo bado linaniuma, na siwezi kusema halimo katika hesabu zangu za hii gari.

Sasa dalali ameleta mnunuzi wa ng'ambo, anatoa shilingi milioni mbili na laki nne. Kaka anataka tuuze, tena anadhani bei hiyo ni ndogo. Alinionyesha kwenye simu: mwaka 2020 huko Marekani 240Z moja iliuzwa dola 310,000. Ni kweli, ila ile ilikuwa imetunzwa kama imetoka kiwandani jana. Yetu siyo.

Nilimwita fundi wa Makupa aliyekuwa akiitengeneza tangu zamani. Akakunja zulia la mbele, akanipa bisibisi. "Sukuma hapo." Sikutumia nguvu. Bisibisi ikazama hadi mpini, na mabaki ya bati yakamwagika chini mekundu kama unga wa pilipili. Pembeni, palipoonekana pazima, rangi ilikuwa imeshikilia puti tu, chini yake hakuna chuma. Birmingham nimekula mkate wa kazi ya bodi miaka yote hii, na kule chumvi humwagwa barabarani msimu wa barafu. Hapa inakuja yenyewe na upepo wa bahari. Kutu ni ile ile.

Kisha tukatoa plagi, tukatia oili kidogo kila tundu, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi fundi akaweka spana kwenye puli na kuizungusha polepole. Ikakataa. Akangoja, akajaribu tena, na injini ikaenda, mzunguko mzima, bila kukwama. Yule mzee akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, na mimi nikashindwa kusema kitu.

Lakini gari si langu. Ni mirathi, nayo hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kwa bei ya dalali, mama ana thumni yake, yaani moja ya nane, 300,000. Inabaki 2,100,000: kaka 840,000, mimi 840,000, dada 420,000. Nikitaka kubaki nayo lazima niwape wenzangu 1,560,000, na sakafu bado haijaguswa. Fedha ninazo, nilikuwa nimeziweka kwa kiwanja cha Mtwapa.

Nimechagua gari. Kiwanja kingine nitakipata, Mungu akipenda, hata kikiwa mbali zaidi. Datsun hii ikishapakiwa kwenye kontena pale bandari ya Kilindini hairudi tena, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane. Tena kazi inayoihitaji ndiyo kazi niijuayo mikononi. Ningekuwa bado ninaishi kule ningeiuza, kwa sababu kuifunika turubai miaka mingine ishirini ni kuiua, na aliyeipenda hakuifunika ila alipokuwa hana nguvu tena ya kuiendesha.

Ijumaa baada ya swala tuliketi kwa mama. Dada hakuwa na neno. Kaka alinyamaza kitambo, kisha akakubali nimlipe kwa awamu mbili, kwa sharti kwamba siku itakapotembea, mama ndiye atakayekaa mbele.

Jumatatu mchomeleaji anakuja na bati la milimita moja. Sakafu nitaikata mwenyewe.