Siku Moja Maishani Mwangu: Milimita 112

Saa 9:10 usiku niko macho kabla simu haijalia mara ya pili. Kona ya reli haipimwi mchana huku treni zinapita. Tunasubiri ya mwisho ipite, njia inafungwa, na tuna saa moja na nusu tu kabla ya treni ya kwanza ya abiria.

Saa 10:00 alfajiri tuko kwenye kokoto: mimi injinia wa njia, mafundi watatu, na mlinzi aliyesimama pembeni na filimbi mdomoni. Karatasi inasema njia imefungwa. Mlinzi anasimama vilevile.

Kona yenyewe ina nusukipenyo cha mita 500, na kibao kinaruhusu kilomita 90 kwa saa. Kuna gari la vipimo linalopita kila baada ya miezi kadhaa likichora grafu nzuri, lakini mimi bado nauamini uzi. Tunavuta uzi wa mita 20, ncha zote mbili zikishikwa kwenye ubavu wa ndani wa reli ya nje, halafu nachuchumaa katikati na kupima kwa rula uzi umeachana na reli kiasi gani. Kama kona ni ya mita 500 kweli, rula inasoma milimita 100. Tunasogea mita 10, tunavuta tena. 100. 101. 99. 100. Usingizi unaanza kurudi.

Alama ya 14: 107. Ya 15: 112. Nikaomba wavute upya, labda uzi umenasa. 112. Iliyofuata, 91. Maana yake reli imesukumwa nje kidogo, na kwa mita chache kona imekuwa kali kama ya mita 446.

Mzee anayeongoza mafundi akalaza bao lake la pimamaji juu ya reli zote mbili. Hapo reli ya nje inatakiwa kuwa juu ya ile ya ndani kwa milimita 100. Tulipata 80. Akaingiza mkono chini ya taruma linalobeba reli, akatoa kokoto zilizogandamana kwa tope jeupe. "Injinia, hapa pananywa maji," akasema, akazirudisha taratibu kana kwamba zitavunjika.

Saa 1:00 asubuhi, ofisini. Hesabu ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Zidisha mwendo kwa mwendo, zidisha kwa 11.8, gawanya kwa nusukipenyo: unapata milimita za mwinuko zinazohitajika ili abiria asisikie kabisa kuvutwa upande. Kwa 90 kwenye mita 500 jibu ni 191. Njia imeinuliwa 100, zinabaki 91, nazo ndizo tunaziita upungufu wa mwinuko. Kanuni tunayoifuata inaruhusu upungufu hadi 100. Basi kibao kilikuwa sahihi. Kwenye alama ya 15, kwa mwendo uleule, upungufu ni 134.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiiinue reli ya nje hata milimita 200 tukamaliza. Ni kwa sababu treni ya mizigo inapita polepole hapohapo, na nyingine husimama kabisa ikisubiri ishara. Uzito wote huo hulalia reli ya ndani na kuila.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: ile 90 haikuwekwa ili treni isipinduke. Imewekwa hasa ili aliyesimama kwenye behewa asiyumbe, na ili reli isisukumwe ovyo. Kupinduka kwenye kona kama hii ikiwa haina hitilafu, kwa hesabu yangu ya harakaharaka, ni karibu na 180. Mara mbili! Ndiyo maana nachoka na vikao vinavyobishania 85 au 90 wakati swali zito ni nini kitaizuia treni kuingia na 180. Karibu na Santiago de Compostela, Hispania, mwaka 2013, treni iliingia kona ya 80 ikienda 179, sekunde chache tu baada ya dereva kumaliza kuongea kwa simu ya kazi. Philadelphia, Marekani, 2015: kona ya 80, treni 171. Amagasaki, Japani, 2005: kona ya 70, treni 116, dereva amechelewa kama dakika moja na nusu na anaogopa adhabu. Wakafa watu 107, naye akiwemo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyezidisha kilomita tano tu.

Saa 3:00 napiga simu kituo cha uongozaji treni. Nataka 70 kwa muda, mpaka mashine ya kushindilia kokoto ije.

"Injinia, hesabu yako mwenyewe inapita kwa 80," mwongozaji akanijibu. Kweli inapita, upungufu unakuwa 89. Lakini hesabu haijui tope. Mvua moja tu, ile 80 ya mwinuko inakuwa 65. Akalalamikia ratiba. Nikamfanyia hesabu ya pili: treni ya mita 300 kwenye kona ya mita 600, tofauti ya 90 na 70 ni sekunde 10, ongeza za kupunguza na kupandisha mwendo, haifiki nusu dakika. Akanyamaza, kisha akakubali. Kilichotugombanisha zaidi ni ombi langu la pili: kibao peke yake sikitaki. Nilitaka na kifaa cha muda katikati ya reli, kinachofunga breki chenyewe treni ikifika na kasi. Alikitoa shingo upande.

Saa 5:00, makaratasi. Ripoti ya kona, oda ya mashine, orodha ya miti mikavu ya kukatwa kando ya njia wiki ijayo. Nasaini zote.

Saa 9:00 alasiri napanda chumba cha dereva nione kazi yetu kutoka juu. Tunakuja na 120. Sijakiona kibao cha onyo bado, naye ameshagusa breki, polepole, behewa hata halikustuka. Tukaingia konani na 68. Kifaa kikakaa kimya.

"Umejuaje pa kuanzia?" nikamuuliza.

"Kwa 90 huwa naanzia kwenye ule mti mkavu. Leo nimeanza nguzo tano kabla yake."

Nikageuka kuutazama ukipotea nyuma yetu. Upo kwenye orodha niliyosaini asubuhi.