Kalala, lakini mkono ukaruka

Kipindi hicho ndo nilikua naanza kusomea usingizi, yani ile kazi ya kulaza wagonjwa thieta. Akaletwa kijana wa kidole tumbo, bonge la mtu, kanyula, kale kabomba ka kupitishia dawa, wamempiga wodini mgongoni mwa kiganja, kwenye kale kamshipa kembamba. Propofoli, dawa ya usingizi, ikaingia, macho yakafunga, ukimgusa kope kimya. Rokuroniamu, ile ya kulegeza misuli, ndo inaanza kupita, mkono ukajikunja ghafla ukampiga kifuani, plasta ikabanduka, kanyula ikabaki inaning'inia kidogo itoke. Mi nikajua kaamka!

Sista aliyekua anatufundisha akaukamata ule mkono, akasema hajaamka mdogo wangu, hiyo rokuroniamu inachoma. Ina asidi, pH yake, yani kipimo cha asidi, ni kama 4 wakati damu ni 7.4, ikigusa ukuta wa mshipa inachokoza neva za maumivu na mwili unavuta mkono wenyewe hata kama mwenyewe hana habari, na usipofanya kitu zaidi ya nusu ya wagonjwa wanavuta hivyo hivyo.

Daktari wa upasuaji, mtu wa haraka yule, akadakia si amelala, atakumbuka nini? Sista akamwambia sawa dokta, ila kanyula ikichomoka saa hii na mgonjwa ndo anaacha kupumua, dawa nyingine napitishia wapi? Akanyamaza.

Aliyefuata alikua mama wa uvimbe wa kizazi. Sista akamtafutia mshipa mnene karibu na kiwiko, akafunga mpira juu yake, akachukua lignokeni, dawa ya ganzi, akasoma lebo, akaisoma tena, maana ile yenye adrenalini vichupa vyake vinafanana kishenzi na hatuitaki kabisa kwenye mshipa. Akasukuma miligramu 40 akaacha mpira umebana huku anaangalia saa ya ukutani, kama dakika hivi. Mama akasema, "Mwanangu, mbona mkono kama sio wangu?" Sista akacheka, ndo tunavyotaka mama. Akafungua mpira, propofoli ikaenda bila mama kukunja uso, na hiyo nayo huwa inawasha, tena mtu yuko macho. Ikafuata rokuroniamu, taratibu, dripu inakimbia.

Mi macho yote kwenye vidole vyake. Havikutikisika hata kimoja.

Tyubu ya kupumulia ikapita kooni, dokta akauliza naanza? Sista hakumjibu, alikua bado anasikiliza mapafu.