Mei Mosi Nilikwenda Kazini

Mwaka wangu wa kwanza Chicago nilikuwa nabeba boksi, na si kwa mafumbo, maboksi kweli, kwenye ghala moja nje kidogo ya mji. Tarehe 30 Aprili nikamuuliza msimamizi kama kesho tunafunga. Akauliza kesho kuna nini. Nikamwambia, sikukuu ya wafanyakazi. Akacheka, akasema hiyo ni Septemba.

Nikajua basi, Mei Mosi ni mambo ya wajamaa, mambo yetu ya enzi za Mwalimu. Kumbe imezaliwa hapa hapa! Tarehe 1 Mei 1886 maelfu ya wafanyakazi wa Chicago waligoma kudai siku ya kazi iwe ya saa 8. Siku tatu baadaye, kwenye mkutano wa Haymarket, mtu asiyejulikana hadi leo akawarushia polisi bomu, risasi zikarindima, wakafa polisi na raia. Watu 8 wakatiwa hatiani, 4 wakanyongwa Novemba 1887. Mwaka 1889 wajamaa waliokutana Paris ndio waliotangaza Mei Mosi iwe ya wafanyakazi wa dunia.

Wamarekani wenyewe wakaikwepa. Rais Grover Cleveland alitia saini sheria ya sikukuu hiyo Juni 1894, mgomo wa reli ulioanzia Chicago ukiwa umepamba moto, na siku iliyowekwa ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Mtaani kwangu siku hiyo ni nyama choma uani na magodoro ya bei ya punguzo. Watu wa zamani watakwambia kuanzia hapo usivae nguo nyeupe mpaka kiangazi kingine. Hotuba sijasikia hata moja. Na sheria ya serikali kuu haimlazimishi mwajiri binafsi kukupumzisha, kwa hiyo Jumatatu ile niliingia ghalani kama kawaida, kupakia magodoro hayo hayo.

Baadaye nilikwenda Mtaa wa Desplaines kuona mnara wa Haymarket: sanamu za watu juu ya mkokoteni, maana wasemaji wa siku ile walihutubia juu ya mkokoteni. Chini kuna vibao vya vyama vya wafanyakazi vya nchi mbalimbali. Wapita njia walikuwa na simu zao.

Nikapiga picha nikamtumia mzee wangu Morogoro, mwalimu mstaafu mwenye fulana za Mei Mosi za miaka nenda rudi. Akajibu: "Hongera mwanangu. Fulana wamekupa?"