Fedha za Washington zikifika Portland, na kwa nini chama chetu hakipati

Kila mwaka makundi yetu ya WhatsApp hapa Portland (ya Maine, si ile ya Oregon) yanawaka moto kwa swali lilelile: jiji limepewa fedha na serikali kuu, mbona sisi vyama vya wahamiaji hatukupata hata senti? Mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyehudhuria mkutano wa hadhara, akapewa dakika zake chache, akaongea kwa uchungu mpaka akapigiwa makofi, halafu orodha ya wagawiwa ikapita karibu kama ilivyokuja. Anasema ni ubaguzi. Ubaguzi upo, sibishi. Lakini katika hili ameingia uwanjani mpira ukiwa dakika ya themanini.

Fedha zenyewe wenyeji wanaziita CDBG (Community Development Block Grant), yaani ruzuku ya maendeleo ya jamii. Zilianza na sheria aliyoisaini Rais Gerald Ford mwaka 1974, iliyounganisha mifuko kadhaa ya Washington kuwa fungu moja, kisha miji ikaachiwa kuamua matumizi. Jiji lenye watu 50,000 au zaidi halishindani na mwenzake ili lipate. Linagawiwa kwa hesabu. Hesabu ziko mbili, na wizara ya nyumba, HUD, inatumia ile inayolipa jiji zaidi. Moja inatazama idadi ya watu, umaskini na msongamano majumbani. Nyingine inatazama umaskini, mji ulivyodumaa kwa idadi ya watu, na nyumba zilizojengwa kabla ya 1940, na hizo nyumba kuukuu peke yake zina uzito wa nusu nzima. Kwa hiyo zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, zinazopitisha upepo wa Januari kama hazina kuta, katika miji mingi ya kale ya New England ndizo zinazovuta fedha. Tuzilaani kwa adabu.

Angalau asilimia 70 ya fedha lazima ziwafae watu wa kipato cha chini na cha wastani, yaani wasiozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Hapo tumo karibu sote tunaobeba maboksi. Tatizo liko kwenye sharti jingine: huduma za kijamii zisizidi asilimia 15. Chukua jiji linalopewa dola milioni 2. Huduma zinapata dola 300,000, na humo wamo wapishi wa chakula cha bure, makazi ya wasio na pa kulala, wanaowasaidia wanawake wanaopigwa majumbani, malezi ya watoto, na darasa letu la Kiingereza. Uendeshaji na mipango vinaweza kuchukua hadi asilimia 20. Zinazobaki huenda kwenye vitu vinavyoonekana kwa macho: njia za waenda kwa miguu, viwanja vya watoto, mapaa, kuondoa rangi yenye risasi kwenye nyumba za zamani. Vyama vyetu karibu vyote huomba kwenye kile kifungu chembamba, kisha tunashangaa foleni ilivyo ndefu.

Na anayesimama kudai jiji lijenge nyumba mpya kwa CDBG amebisha mlango usio wake. Kwa kawaida sheria hairuhusu fungu hilo kujenga nyumba mpya za kuishi. Kazi hiyo ina mfuko wake, HOME, uliotungiwa sheria mwaka 1990.

Juni 2019 mamia ya watu, wengi familia za waomba hifadhi kutoka Kongo na Angola, walilala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo. Wengi wetu tulidhani fungu hili lingefunguliwa palepale. Lakini mwaka wake hapa unaanza Julai, na maombi hupokelewa miezi mingi kabla, theluji ikiwa bado chini. Mpango wa mwaka wa matumizi ukishapitishwa, kuubadilisha kwa kiasi kikubwa kunadai maoni ya wananchi upya, siku 30.

Juu ya mpango wa kila mwaka kuna mpango mkuu wa miaka mitatu hadi mitano. Huo ndio unaotaja vipaumbele, na maombi hupimwa kwa vipaumbele hivyo. Ukitaka kusema kwa uchungu, kasemee huko, wakati wanakusanya maoni na ukumbi una watu wanne na biskuti. Omba mkalimani mapema. Jiji linatakiwa kueleza litawahudumiaje wasiozungumza Kiingereza.

Nyumbani Tanzania tumezoea ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapa si mkopo, ila pia mara nyingi fedha haitangulii: kikundi kinatumia chake kwanza, kinapeleka risiti, ndipo kinarudishiwa. Nilimweleza mama mmoja wa Bukavu anayelisha wazee kila Jumamosi, akanitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, risiti ya nini? Watu walikula, walishiba." Na bado hujamwomba orodha ya kila mzee aliyeshiba. Ndiyo maana chama kichanga nakishauri kiingie chini ya shirika kongwe lenye mhasibu, hata kama itauma kuona jina la wengine juu ya andiko.

Kuna karatasi moja nawasihi muisome: taarifa ya mwisho wa mwaka, inayowekwa wazi kwa maoni siku 15 kabla ya kupelekwa HUD. Inaonyesha nani alipewa na nani amekaa na fedha. HUD hukagua siku 60 kabla mwaka haujaisha, na jiji lisiwe limelimbikiza zaidi ya mara moja na nusu ya mgao wake wa mwaka. Likikaribia hapo, linaanza kutafuta kwa haraka miradi iliyo tayari: kituo cha jamii kinachovuja, chenye makadirio ya fundi, hati na ramani mkononi. Kituo chetu kinavuja tangu tulipokipata. Makadirio ya fundi hatuna.