Vikombe viko juu

Juzi tulipita kona ya Twiga na Jangwani, mwanangu kavaa jezi ya kijani. Akalinyooshea jengo la klabu ya Yanga kidole: "Mama, babu alikuwa anakuja kufanya nini hapa?"

Kutazama mazoezi, nikamwambia. Ni kweli. Baba alikuwa mwanachama, na historia ya Yanga tangu 1935 aliisimulia kama ya ukoo wake, hasa sehemu ya Mzee Karume alivyowasaidia hadi jengo likasimama. Ghorofani wachezaji walikaa kambi, uwanja wa Kaunda uko ubavuni, naye akitoka kazini lazima apitie.

Ila mimi nilikumbuka Desemba 2011. Mto Msimbazi ulifurika bonde zima la Jangwani, na Dar es Salaam ikazika watu zaidi ya 40. Shangazi alikuwa amepanga chumba bondeni. Simu yake haipatikani. Tukatoka na baba kumtafuta.

Kaunda ilikuwa maji matupu, ya udongo, yanazunguka polepole. Baba alikunja suruali, akaweka kiganja ukutani, akawa anatembea akiufuata ukuta. Watu walipishana nasi na magodoro kichwani. Mmoja kabeba jiko la mkaa na mtoto mgongoni. Mlinzi alikuwa amesimama kwenye ngazi za jengo. Nikajua baba atamuuliza kama kuna watu wa bondeni waliokimbilia pale.

"Kijana," akasema, "vikombe?"

"Viko juu, mzee wangu. Maji hayajafika."

Baba akafumba macho. "Alhamdulillahi." Akatabasamu. Kisha akanigeukia: "Haya, twende kwa shangazi yako."

Sikumjibu. Hasira ilinikaba koo njia nzima.

Shangazi tulimkuta jioni kwa jamaa zake wa Magomeni, mzima, na begi moja tu. Baadaye akahamia Mabwepande na wenzake wa bondeni. Timu nayo siku hizi inafanya mazoezi Kigamboni, na baba hatunaye tena.

Baada ya mazishi nilimsimulia shangazi habari ya vikombe. Nilidhani ataumia. Akasema, "Kaka yangu aliogopa kuuliza habari zangu, mwanangu. Akauliza lile ambalo jibu lake angeliweza."

Huenda ni hivyo, na yeye alimjua kuliko mimi. Lakini nililiona tabasamu lile pale ngazini, na lilikuwa la mtu aliyekwisha kupata alichokuwa akikitafuta.