Jioni Moja Gage & Tollner

Mwezi Oktoba 1990, nilipokuwa mwanafunzi jijini New York, mama mwenye nyumba wangu alinialika chakula cha jioni katika mgahawa wa Gage & Tollner, uliokuwa katika jengo namba 372 la Mtaa wa Fulton, katikati ya Brooklyn. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi, mtu wa maneno machache na nidhamu nyingi, na sisi wapangaji wake wote tulimwita Mama. Alikuwa ameutaja mgahawa huo mara kadhaa kabla ya jioni ile, na jambo lililonishangaza ni kwamba kila alipoutaja alianza kuzungumzia wahudumu wake, na habari za chakula zikafuata baadaye, ingawa mji mzima uliufahamu kwa steki zake, chaza wake na kaa wake.

Mtaa wa Fulton wa wakati ule haukuwa na dalili ya kuficha kitu cha namna hiyo. Ulikuwa mtaa wa maduka ya viatu, nguo na redio, wenye mabango ya kung'aa na muziki uliotoka kila mlangoni, na magari yaliyoruhusiwa kupita yalikuwa mabasi tu. Katikati ya kelele hizo ulisimama uso wa mbao uliopakwa rangi, wenye nguzo za mtindo wa kale, chini ya nyumba ya mawe ya kahawia ya karne ya 19. Charles Gage alifungua mgahawa wake mwaka 1879 mahali pengine katika mtaa huohuo, Eugene Tollner akaungana naye muda mfupi baadaye, na mwaka 1892 wakahamia katika jengo hilo. Brooklyn ilikuwa bado mji unaojitegemea, kwani iliunganishwa na New York mwaka 1898, na juu ya mtaa zilipita reli za treni zilizoegemezwa kwenye nguzo za chuma, zikauweka mtaa gizani mchana kutwa hadi zilipobomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mama aliziona reli hizo kwa macho yake akiwa msichana, na alinionyesha kwa kidole mahali ngazi za stesheni zilipokuwa zikishukia.

Ndani, chumba cha kulia kilikuwa kirefu na chembamba, na macho yaliposhakizoea kilionekana hakina mwisho. Kuta zote mbili za ubavuni zilipangwa vioo virefu vilivyoishia juu kwa tao, vikiwa katika fremu za mbao nyeusi za mcheri, na nafasi zilizobaki baina yake zilifunikwa kwa karatasi nzito yenye nakshi zilizoinuka, iliyotengenezwa ili ifanane na ngozi. Kwa kuwa vioo vilitazamana, kila taa ya shaba iliyoning'inia darini ilijirudia upande huu na upande ule, ikizidi kufifia kadiri ilivyokwenda mbali. Mwaka 1975 tume ya jiji inayohifadhi majengo ya kihistoria ilikiweka chumba hicho chini ya ulinzi wa sheria, kikiwa miongoni mwa vyumba vya ndani vya kwanza kabisa kupewa hifadhi hiyo New York, kwa maana kwamba hata mmiliki mwenyewe hakuruhusiwa kung'oa kioo wala kuteremsha taa bila kibali. Manufaa ya sheria hiyo niliyaelewa miaka mingi baadaye. Mgahawa ulifungwa mwezi Februari 2004, biashara za aina nyingine kabisa zikapita humo mojawapo ikiwa ya vyakula vya haraka, na bado, mgahawa ulipofunguliwa tena mwaka 2021 kwa jina lake lilelile, vioo na taa vilikuwapo vikiwasubiri wenyewe. Nilifurahi sana niliposikia habari hiyo. Lakini ninaamini, na niliamini hivyo tangu usiku ule, kwamba sehemu iliyokuwa ya thamani kubwa zaidi katika nyumba ile haikuweza kuandikwa katika hati yoyote ya uhifadhi, kwa sababu ilikuwa ikitembea baina ya meza ikiwa imebeba masinia.

Tulipokwisha kuketi nilinyoosha mkono kuchukua menyu, na Mama akanizuia kwa upole.

"Kabla hujasoma hiyo," alisema, "soma mkono wa koti lake."

Mhudumu wetu alikuwa mzee mrefu, mweusi, mwenye mvi zilizokatwa karibu na ngozi, aliyevaa koti jeusi na aproni nyeupe iliyofika chini ya magoti. Kwenye mkono wa koti lake, juu kidogo ya kifundo, zilishonwa alama za rangi ya dhahabu: tai mmoja aliyekunjua mabawa, nyota moja chini yake, na mistari miwili mifupi. Mama alinieleza kwa sauti ya chini kwamba katika mgahawa huo mstari ulikuwa alama ya mwaka mmoja wa kazi, nyota alama ya miaka 5, na tai alama ya miaka 25. Nikajumlisha. Mtu aliyekuwa akitumiminia maji alikuwa ameanza kazi katika chumba kile mwaka 1958. Nikageuka kuwatazama wengine, na kweli, kila mmoja alibeba hesabu yake mkononi, kuanzia kijana mwenye mistari mitatu aliyekuwa akikunja vitambaa vya meza hadi mzee mwingine, mwenye tai kama wa kwetu, ambaye hakubeba chochote bali alisimama karibu na mlango wa jikoni akiangalia kila sahani iliyotoka. Sijapata kuona mahali pengine ambapo uzoefu wa mhudumu unavaliwa wazi namna ile, kwa heshima ileile anayopewa askari mwenye vyeo, na mpaka leo sielewi kwa nini migahawa mingine haikuiga.

Menyu ilikuwa ndefu kupita kiasi. Chaza peke yao walichukua nafasi kubwa, kwa maana walipatikana wabichi juu ya barafu, au wamechomwa, au wamekaangwa, au wamepikwa katika maziwa, na kome wa mchangani walifuata mpangilio huohuo. Mama, kwa kuwa mwalimu haachi ualimu, alinikumbusha kwamba chaza hawakuwa chakula cha anasa mjini hapo walipoanza akina Gage. Bandari ya New York ilikuwa na miamba mikubwa mno ya chaza, wakauzwa mitaani kwa mikokoteni, na matajiri na makuli wakawala kwa usawa, hadi maji taka ya mji unaokua yalipoyachafua makazi yao na watu wakaanza kuugua homa ya matumbo. Eneo la mwisho la kuvulia chaza katika maji ya jiji lilifungwa mwaka 1927. Tangu hapo chaza wa New York wametoka nje ya mji, wengi wao Long Island, na hao ndio tulioletewa, wamelala katika nusu ya ganda, kila mmoja akiwa bado na maji yake ya chumvi. Mhudumu aliweka sinia lile bila barafu hata chembe kuhama mahali pake, kisha akaligeuza kidogo sana ili vipande vya limau vielekee upande wangu, kwa sababu alikuwa ameniona nikivitafuta.

Baada ya chaza ilikuja supu, na kwa supu hiyo peke yake ningevuka mto tena na tena. Ilikuwa supu ya kaa jike, ambayo asili yake ni Charleston, katika jimbo la South Carolina: nyama ya kaa, krimu, mvinyo wa sheri kidogo, na mayai ya kaa ambayo huipa supu rangi hafifu ya machungwa na ladha nzito ya bahari. Mhudumu alituambia, bila kuulizwa na kwa fahari isiyofichika, kwamba hiyo ilikuwa supu ya Miss Lewis. Mama aliweka kijiko chini. Alilijua jina hilo vizuri kuliko mimi. Edna Lewis alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwa mmoja wao. Alikuja New York akiwa kijana, akapata sifa kubwa kwa mapishi yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na sasa, akiwa na umri wa miaka 74, umri ambao wapishi wengi wamekwisha kupumzika zamani, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa jiko lile. Hatukumwona usiku ule. Tulichokiona ni kazi yake, na ilitosha: ndani ya bakuli hapakuwa na kitu kilichowekwa kwa ajili ya mapambo, unga wa kuzidisha uzito haukuhisika, na kaa alibaki kaa tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho.

Wakati tunasubiri steki, taa za umeme zilipunguzwa. Zile taa za shaba zilitengenezwa kwa namna mbili kwa pamoja, za umeme na za gesi, na kijana mmoja alipita na fimbo ndefu yenye moto nchani akiziwasha za gesi moja baada ya nyingine, kuanzia mbele mpaka nyuma ya chumba. Mwanga wa gesi haulingani na wa umeme. Una unjano, unacheza kidogo, na hulainisha nyuso za watu kiasi kwamba mazungumzo katika meza zote yalishuka bila mtu kuombwa kunyamaza. Ndipo Mama aliponiambia jambo ambalo, nadhani, ndilo lililomfanya anilete pale.

Baba yake alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala katika treni za masafa marefu. Wahudumu hao, karibu wote weusi, walikuwa wakiitwa "George" na abiria, kila mmoja wao, kwa jina la mwanzilishi wa mabehewa hayo, kana kwamba hawakuwa na majina waliyopewa na wazazi wao. Baba yake alitumika hivyo miaka mingi. Alikuwamo katika chama cha wahudumu kilichoundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na ambacho kilipata mkataba wake wa kwanza mwaka 1937 baada ya mapambano ya miaka 12, na mshahara wake ukapanda, saa zake za kazi zikapungua. Lakini abiria waliendelea kumwita George hadi alipostaafu. Siku moja, Mama alisema, rafiki wa baba yake aliyekuwa akifanya kazi katika chumba hikihiki alikuja nyumbani akiwa na koti lake mkononi ili mke wake amshonee nyota mpya, na baba yake akaishika ile nyota kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akairudisha bila kusema neno. Mama alikuwa mtoto mdogo, amekaa sakafuni, naye hakusahau.

Steki ikaletwa. Ilikuwa sarloni nene, iliyochomwa kwa moto mkali uliotoka juu, ukaifanya kuwa na ukoko mweusi nje na wekundu wa sawasawa ndani. Nyama za steki za namna hiyo huning'inizwa katika chumba cha baridi kwa wiki kadhaa kabla ya kupikwa, hupoteza sehemu ya maji yake, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake hulegeza nyuzi zake, ndiyo sababu ladha yake hukolea na kisu hupita kwa urahisi. Haikuwa na mchuzi. Mhudumu alisimama mpaka nilipokata kipande cha kwanza, akatazama rangi ya ndani na wala si uso wangu, akatikisa kichwa mara moja kuashiria kwamba iko kama nilivyoagiza, akaondoka. Kusema kweli nilipenda zaidi supu, lakini sijawahi kuhudumiwa steki kwa uangalifu uliozidi ule.

Tulimaliza kwa kahawa, kwani hatukuwa na nafasi ya kitu kingine. Mama alilipa, akaacha bahashishi ambayo kwa mtu wa pensheni ilikuwa kubwa, akavaa kofia yake mbele ya kimojawapo cha vile vioo. Mhudumu alipokuja kumsaidia kuvaa koti, Mama alimwuliza jina lake la ukoo. Mzee alisita kidogo, kwa sababu nadhani si swali lililoulizwa mara nyingi na wageni, kisha akalitaja. Mama akampa mkono na kumshukuru kwa kumwita Bwana pamoja na jina hilo, kwa sauti ile ya darasani iliyosikika mpaka meza za jirani, na mzee akamjibu kwa kuuliza la kwake.